Mpwa wangu ameanza kuficha kazi yake ya nakshi, nimwambieje?

FundiWaAmu: Assalaam alaykum wana jamvi. Mimi ni fundi wa milango hapa Lamu, kazi nimeirithi kwa baba. Mpwa wangu wa miaka 19 ndiye mkono wangu wa kulia. Mwaka jana mteja alimwachia achonge apendavyo kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Badala ya mawaridi tuliyozoea, kijana akachonga mizizi ya mikoko inayopanda ikisokotana mpaka juu, na chini kaa mdogo kajibanza, patasi imemtoa hadi vinyweleo vya miguu. Barazani mafundi wenzetu wakasema anaharibu kazi ya wazee.

Sasa mafundi wale wale wanauza milango yenye mizizi ile ile, na mmoja anawaambia wageni ni nakshi ya kale. Hilo la pili limemchoma kijana kuliko pesa. Siku hizi akisikia hodi anafunika mbao kwa turubai. Hata mwanafunzi wetu mdogo hamwonyeshi. Mimi nilijifunza kwa kutazama mikono ya watu, kwa hiyo hili linanisumbua sana. Lakini naye ana haki.

WakiliMalindi: Wa alaykum salaam, Fundi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya sanaa ya mkono tangu inapochongwa. Kusajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si lazima, ila kunasaidia kuthibitisha ni nani mwenye kazi. Wazo la kuchonga mikoko hawezi kulimiliki, mchoro wake ndio wake. Apige picha kila hatua na atunze karatasi za michoro zikiwa na tarehe. Akificha bila kuweka kumbukumbu, siku ya ushahidi atakuwa mikono mitupu.

MshonaKofia: Mie nasema mwacheni afiche. Nashona kofia za vito, najua. Nakshi ikiwa bado changa mtu akaitilia neno baya, mkono unaingia hofu na kazi inapooza. Yangu mpya huitoa Idi, ikishavaliwa basi aige anayetaka. Ila mwanafunzi wa karakana si mtu wa nje, huyo afunuliwe. Na yule anayewaongopea wageni, mwendee wewe, mtu mzima kwa mtu mzima, faragha.

MsiyuHalisi: Kwetu Siyu, kisiwani Pate, wazee walinakili Misahafu kwa mkono. Maneno hayakuguswa, lakini mapambo ya pambizoni, kwa wino mwekundu na wa manjano, yalikuwa ya mkono wa mwandishi. Mtu hawezi kuzuiwa kutia chake hata kwenye kazi ya kurithi, na wala kijana hajaharibu kitu. Sasa mtazame mshairi wetu wa zamani, Mwana Kupona binti Mshamu: kwenye utendi wake alitia jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858. Umenakiliwa mara ngapi, na jina halijamtoka. Umesema mwenyewe la "nakshi ya kale" ndilo lililomchoma. Basi achonge jina na mwaka.

FundiWaAmu: Shukrani, la jina limeniingia. Ila mlango ni wa mteja. Akikataa jina la fundi usoni mwa nyumba yake?

MsiyuHalisi: Litie upande wa nyuma wa mfaa, pale unapolalia ubao wa pili. Mlango ukifungwa halionekani, ukifunguliwa linasomeka. Na mwambie mteja kabla hamjaanza kuchonga, si siku ya kuusimamisha.