Binti yangu kasoma grafu kwa macho kakosa, mwenzake hajaitazama kapata. Walimu wa hesabu, mnafundisha nini?

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa nimevimba, nikivuka mpaka mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule sitaitaja, iko huku kanda ya kati. Ijumaa karudi na daftari la hesabu, uso umemshuka. Swali lenyewe hili: chora grafu ya f(x) = x² − 4x + 3 kuanzia x = −1 hadi x = 5, halafu KWA KUTUMIA GRAFU YAKO tafuta (a) x pale f(x) = 0, (b) x zinazoifanya f(x) iwe chini ya 0, (c) x pale f(x) = 2. Herufi kubwa nimeziweka mimi kwa hasira, ila maneno yamo kwenye swali.

Jedwali lake liko safi: 8, 3, 0, −1, 0, 3, 8. Nukta zimekaa mahali pake, mstari kaupitisha kwa mkono, umepinda taratibu kama kitako cha sufuria. (a) 1 na 3, vema. (b) kati ya 1 na 3, vema. (c) kaandika 0.3 na 3.7. Hapo kapigwa kosa kubwa la wino mwekundu, na pembeni mwalimu kamwandikia jibu "sahihi": 0.27 na 3.73.

Jamani, kama una karatasi ya grafu hapo nyumbani ichukue uitazame. Skeli waliyopewa ni sentimita 1 kwa 1. Viboksi vidogo vina milimita 2, kwa hiyo kila kiboksi ni 0.2. Mtoto akikadiria nusu ya kiboksi anapata 0.1, na hapo kajitahidi sana. Sasa huyo mwenye jicho la kuona 0.27 ni binadamu au ni mwewe? Tofauti ya 0.3 na 0.27 kwenye karatasi ile ni sehemu 3 za milimita iliyogawanywa mara 10. Mstari wa penseli peke yake ni mnene kuliko hapo!

Subirini, bado. Kuna kijana mwenzake wanajisomea pamoja kwangu jioni. Nikamwomba daftari lake. Yeye kaunganisha nukta kwa RULA. Chini pale grafu imechongoka kama ncha ya mkuki, na kwenye x = 1.5 inapita −0.5 wakati thamani ya kweli ni −0.75. Sawa, ni mtoto, angeelekezwa. Lakini kapata alama zote, pamoja na 0.27 na 3.73. Nikachukua grafu yake nikaisoma kwa haki kwenye 2. Inasema 0.33 na 3.67, kwa sababu rula imekata njia ya mkato kutoka 3 kushuka 0. Yaani jibu lililopewa vema haliwezi kutoka kwenye mchoro uliopewa vema! Nikamuuliza kijana, naye wala hakuona aibu: "Baba, tulipiga kanuni pembeni, tukaandika jibu, tukafuta."

Tukafuta. Sijui kwa nini hilo neno ndilo limeniuma kuliko yote.

Nikampigia mwalimu. Kijana mstaarabu, shikamoo kaitoa vizuri, sina ugomvi na adabu yake. "Mzee wangu, mimi nafuata mwongozo wa kusahihishia. Mwongozo unasema 0.27." Nikamuuliza, sasa grafu waliichora ya nini? Akanijibu kwamba ni mada, lazima ichorwe, ina alama zake. Jedwali alama, skeli alama, nukta alama, kuandika majina ya mihimili alama. Kuisoma hakuna aliyekuambia, mzee. (Hilo la mwisho hakulisema, nimelisikia mimi.)

Na kuisoma ndiyo kazi yenyewe. Wiki iliyopita tu huyu binti hiyo (c) alikuwa ananiandikia −1. Nikashangaa −1 imetoka wapi, kumbe anakwenda kwenye 2 ya mhimili wa chini, anashuka mpaka kwenye mstari, anakuta −1. Anatafuta f(2), yaani mstari uko kimo gani x ikiwa 2, wakati kaulizwa f(x) = 2, yaani x ni ngapi mstari ukiwa kwenye kimo cha 2. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni maswali mawili yanayokwenda njia tofauti. Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye 2 ya mhimili wa wima. Nikamwambia tembea mlalo mpaka ugonge mstari. Kagonga. Shuka chini usome. Kasoma. Haya, endelea na safari ileile upande wa pili. Kagonga tena. Akaniangalia: "Kumbe ziko mbili?" Dakika mbili, wakuu. Sikumuuliza ukokotoe nini, nilimwambia kidole kitembee. Halafu Ijumaa anarudishiwa kosa kwa kitu kilekile alichokielewa.

Mtaniuliza mimi nani. Mimi nafunga pampu za visima. Sina digrii. Lakini kila pampu inakuja na karatasi ya grafu: mhimili wa wima ni mita inazoweza kupandisha maji, wa chini ni maji inayotoa kwa saa, na mstari unateremka kutoka kushoto kwenda kulia. Nasema kwa uchungu, wateja wangu waliomaliza kidato cha nne, wengine na vyuo, hawaisomi. Wanasoma boksi. Boksi limeandikwa mita 110, lita 5,000 kwa saa. Mtu anakuja kifua mbele: "Fundi, nimenunua pampu ya kupandisha lita 5,000 mita 110." Hakuna kitu kama hicho mzee! Hizo ni ncha mbili za mstari mmoja. Mita 110 ni pale maji yamezibwa hayatoki hata tone. Lita 5,000 ni pale inamwaga bila kupandisha popote. Kisima chako maji yako mita 60 chini, tangi liko mita 6 juu ya ardhi, weka na msuguano wa bomba, tuseme 70. Nenda kwenye 70, tembea mlalo, gonga mstari, shuka: lita 3,000. Hiyo ndiyo pampu uliyonunua. Mwaka jana nililaumiwa wiki nzima kwamba nimeiba lita 2,000.

Hiyo ni f(x) = 70. Ni swali (c) lilelile.

Mama yangu kaishia darasa la saba, lakini kadi ya kliniki ya mjukuu wake anaisoma vizuri. Anaweka kidole kwenye mwezi, anapanda mpaka kwenye uzito, anakuambia huyu mwezi huu mstari umelala, mnampa nini? Hajui neno funksheni. Anajua mstari ukilala maana yake mtoto haongezeki japo hajapungua, na anajua kuuliza. Wa kidato cha tatu ukimpa grafu ya umbali na muda, mstari unapanda halafu unalala, anakuambia gari limepanda mlima likafika tambarare. Gari limesimama, mwanangu! Muda unakwenda, umbali hauongezeki.

Walimu, najua mna darasa la watoto 80, najua vipindi havitoshi, na najua kila matokeo yakitoka hesabu ndiyo inaburuza mkia na lawama mnabeba ninyi. Lakini hili la kukosesha 0.3 halihitaji bajeti.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kuna mdau hapo chini ananiambia 0.27 ni sahihi zaidi kwa hiyo mwalimu yuko sawa. Mkuu, sijabisha kwamba 0.27 iko karibu zaidi. Kwa kanuni ni 2 toa kipeuo cha pili cha 3, ukitaka nitakuandikia tarakimu 6 baada ya nukta. Swali halikuuliza hivyo. Ukinituma nikapime shamba lako kwa kamba, usinikatae kwa sababu sijaleta milimita. Mwongozo wa swali la kusoma grafu unatakiwa uwe na nafasi, kuanzia 0.2 hadi 0.4 kwa skeli ile, basi.

Mwingine kasema nimhamishe mtoto. Nimpeleke wapi, mtanilipia ninyi?

Jumatatu asubuhi nakwenda shuleni. Nimenunua karatasi mpya ya grafu na penseli nimeichonga mwenyewe. Namwomba mwalimu achore mbele yangu, kwa skeli ileile, halafu anionyeshe 0.27 kwa kidole.