Viboko shuleni: panya wa Morogoro anafundishika kwa ndizi, mtoto wetu ndo inashindikana?

MLETA MADA (mama, Tabata):
Wadau habari za jioni, nina jambo linanikaba naomba tulijadili bila matusi. Leo Jumapili nafua yunifomu za mwanangu wa darasa la tano, kabla sijalowesha kaptula nikaigeuza, nakuta kwa ndani nyuma kuna kipande cha boksi la sabuni kimeshonewa, tena kimeshonwa vizuri kwa uzi wa bluu, mshono wa kwenda na kurudi. Nikamuita, hii nini? Akaangalia chini. "Mama hiyo ya Jumatatu." Jumatatu ndo wanarudishiwa jaribio la hesabu la Ijumaa, ukiwa chini ya wastani unachapwa.

Mimi saikolojia niliisoma kidogo tu chuoni ila somo zima la yule mwanasaikolojia wa Kimarekani Skinner, wa majaribio ya panya, lilikuwa mkononi mwangu pale kwenye beseni: kiumbe anarudia tendo lililompa nafuu, lisilomlipa analiacha taratibu. Hesabu hazijampa mwanangu nafuu yoyote. Boksi limempa. Kwa hiyo miaka yote hii ya ada na tuisheni, dogo kajifunza kushona.

Kenya viboko shuleni walivipiga marufuku 2001. Sisi tuna kanuni za 2002, fimbo zisizidi nne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Nani kati yenu ameshawahi kukiona hicho kitabu? Mimi nasema zifutwe tu. Karibuni.

BODABODA, MBAGALA:
Mama nawe unadekeza. Sisi tumechapwa na mabomba ya maji na tupo, tena tunaheshimu wakubwa kuliko hawa wa siku hizi. Halafu mtoto sio panya wa maabara, ana akili, anajua kwa nini anachapwa. Wazungu walete panya wao tuwafuge?

MLETA MADA:
Hahaa kaka yangu, panya ni wa kwetu sio wa wazungu! Nenda pale chuo cha kilimo SUA Morogoro, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na TB. Hawampigi. Panya akinusa ile harufu sahihi anasikia mlio, kliki, hapo hapo anapewa ndizi au karanga. Wanaanza na kitu kidogo wanapandisha hatua kwa hatua, kama miezi tisa hivi. Yule Magawa aliyezaliwa Tanzania akaenda kufanya kazi Kambodia, 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Sasa huyo panya kafundishwa kwa upole, na mtoto mwenye akili tunamfundisha kwa bomba la maji. Nisaidie hapo.

MWALIMU, SHULE YA MSINGI (jina tuache):
Dada nakuheshimu ila njoo darasani kwangu wapo 120, madawati hayatoshi, feni hakuna. Nikichapa wawili kelele zinakata pale pale. Na hiyo saikolojia yako unaisoma nusu, wapo watafiti, Azrin na Holz 1966, walionyesha adhabu inafanya kazi ikija papo hapo, ikiwa kali, na ikija kila kosa linapotokea. Usiseme haifanyi kazi.

MLETA MADA:
Mwalimu hapo umenena na sikupingi. Ila angalia masharti yako mwenyewe: papo hapo, kila kosa. Kosa la Ijumaa fimbo ya Jumatatu, hiyo ni papo hapo ya wapi? Na kwa watoto 120 utamuona kila anayekosea? Skinner mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1938 alieleza jaribio la panya waliozoea kubonyeza kitufe wapate chakula, chakula kikakatwa, wengine wakawa wanapigwa kwenye miguu wakibonyeza. Wakaacha haraka kweli. Kipigo kilipoisha wakarudi kubonyeza mpaka jumla ya mibonyezo yao ikalingana na ya wale ambao hawakuguswa. Ndo kelele zako ukitoka darasani.

Halafu jambo lenyewe ninalotaka kusema ni hili, usikasirike: anayefundishwa na fimbo ni wewe. Watu wanachanganya adhabu na uimarishaji hasi. Uimarishaji hasi ni kitu cha kero kinaondoka baada ya tendo lako, kwa hiyo tendo linakomaa, kama unavyofunga dirisha la daladala vumbi likakata, kesho unalifunga mapema zaidi. Kelele ni vumbi, fimbo ni dirisha. Umechapa, kimya, mkono wako umelipwa. Kesho utachapa mapema zaidi. Na mtoto naye akidanganya "daftari nimelisahau nyumbani" akaponea, uongo umelipwa vile vile.

MFANYABIASHARA, KARIAKOO:
Kwa hiyo tuwape pipi? Si ndo kuwafundisha rushwa wakiwa wadogo jamani, kila akifanya hesabu anyooshe mkono.

MLETA MADA:
Sio pipi, na sio kila mara. Skinner siku moja Jumamosi chakula cha panya kilikuwa kinamwishia, akaanza kukitoa mara moja moja tu, akashangaa panya hawaachi. Kinacholipa mara chache, tena usijue lini, ndo kinachong'ang'aniwa zaidi, waulize wanaoshinda kwenye mashine za dubwi hapo mtaani kwako na sarafu zao. Sasa hiyo nguvu itumike vizuri: alama ya vema, jina kutajwa, "leo umejaribu". Mwanangu mwalimu wa Kiswahili alimsifia mwandiko mara moja tu mwezi wa pili, mpaka leo anaandika kama anachora.

MWALIMU:
Sawa, tuseme nimeiweka fimbo chini kesho. Si unajua ukikata kitu kilichozoeleka, kelele zinapanda kwanza kabla ya kushuka? Kwa wiki hizo mbili mkuu wa shule anapita dirishani anasikia soko la Buguruni, ataniita mimi, hatakuita wewe. Wazazi wenyewe mnakuja ofisini kusema mwalimu mchape huyu kanishinda.

MLETA MADA:
Hilo ni kweli, wengine wetu tunakuja kabisa.

MWALIMU:
Na hilo boksi umelitupa?

MLETA MADA:
Nililifumua nikafua. Kaptula imekauka, sasa hivi nimeshika sindano namrudishia. Kesho Jumatatu mwalimu.