Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kupanda Kilimanjaro kwa siku tano

Jambo wandugu, niko Goma. Mdogo wangu anajiandaa kwenda Tanzania kupanda Kilimanjaro, na amechagua safari ya siku tano kupitia Marangu kwa sababu bei yake ni nafuu. Ananiambia, "Yaya, Nyiragongo nimeshaipanda, usiogope." Lakini Nyiragongo ni mita 3,470. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni 5,895, na kule kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani.

Kinachoninyima usingizi ni ile siku ya kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi kambi ya Kibo, mita 4,720, kisha usiku huohuo anaanza kupanda kileleni. Madaktari wanashauri kwamba ukivuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Na ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli: mapafu yanaweza kujaa maji au ubongo kuvimba, na tiba kubwa ni kushuka upesi. Namjua, kichwa kikimuuma atanyamaza.

Mliopanda, siku moja ya ziada Horombo inatosha, au nimchangie pesa achukue njia ya siku saba? Na nimwambie nini ili akubali kugeuka akizidiwa?