Aya ya 5 ya Sura ya Tauba: je, amri hii ni ya wakati wote?

MuuzaVitambaa
Assalaam alaykum, na heri kwenu nyote. Nina duka la vitambaa Kariakoo, na jirani yangu wa duka la pili ni Mkristo ambaye tumezoeana kiasi cha kuangaliziana mali, yeye ninapokwenda swala na mimi anapokwenda benki. Wiki iliyopita alinionyesha kwenye simu video ya mtu anayesoma aya ya 5 ya Sura ya Tauba, ile inayoamuru washirikina, yaani wanaomshirikisha Mungu na miungu mingine, wauawe popote wanapokutwa, kisha akaniuliza kwa upole kama na yeye yumo. Nilimjibu kwamba Uislamu ni dini ya amani, ingawa nilijua fika kwamba nimelikwepa swali lake. Usiku nilifungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy niliyoachiwa na marehemu babu, nikaisoma aya hiyo mara tatu, na bado sikupata la kumwambia. Je, amri hiyo ni ya nani, na ni ya lini?

Ustadh wa Magomeni
Waalaykum salaam. Ndugu yangu, badala ya kuisoma aya moja mara tatu, ungesoma mara moja tu kuanzia aya ya 1 hadi ya 13. Mwanzo wa sura hii ulitangazwa katika hija ya mwaka wa 9 Hijria, sawa na 631, Abubakar akiwa amiri wa mahujaji na Ali akiwa ndiye aliyetumwa kuwasomea watu. Waliotangaziwa ni makabila ya Waarabu waabudu masanamu yaliyokuwa na mikataba na Waislamu, na yakapewa miezi minne ya kutembea kwa usalama. Aya ya 4 inawatoa wale ambao hawakuvunja mkataba wao, na inaamuru watimiziwe hadi muda wao uishe. Aya ya 13 inataja kosa la wengine: walivunja viapo, wakaazimia kumtoa Mtume, na wao ndio walioanza. Isitoshe, Mkristo katika lugha ya Qur'ani ni katika Ahlul Kitabu, yaani Watu wa Kitabu, ambao ni Wayahudi na Wakristo, kwa hiyo jirani yako siye anayesemwa hapo.

Binti wa Upanga
Nakubaliana na Ustadh, ila tusimpe ndugu yetu jibu jepesi ambalo jirani yake atalipindua kesho. Wapo wanazuoni wa zamani walioiita hii aya ya upanga na wakadai kwamba imefuta hukumu ya aya zaidi ya mia moja za subira na msamaha. Madai hayo hayakupita bila kupingwa: Tabari, mfasiri wa Qur'ani aliyefariki mwaka 923, alikataa kwamba aya ya 8 ya Sura ya Mumtahina, inayoruhusu kuwatendea wema wasiowapiga vita Waislamu, imefutwa; baadaye mwanazuoni Suyuti alizipunguza aya zote zilizofutwa zikabaki kama 20, na mwanazuoni mwingine, Shah Waliullah wa Delhi, akazifikisha 5. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, nao walihitilafiana. Imamu Shafi, ambaye sisi wa pwani hii tunafuata madhehebu yake, katika kauli yake mashuhuri aliuona ukafiri wenyewe kuwa sababu ya kupigana, ilhali wengi wa madhehebu mengine walisema sababu ni uadui wa vita, wakitoa hoja kwamba Mtume alikataza kuua wanawake na watoto, ambao wangeuawa kama ukafiri peke yake ungetosha. Mimi naona hoja ya hawa wa pili ina nguvu zaidi, lakini kuificha ile ya kwanza si uaminifu wa kielimu.

Mzee wa Ilala
Jiandae na aya ya 29, maana hiyo inawataja Ahlul Kitabu waziwazi.

Ustadh wa Magomeni
Kweli, mzee wangu. Wafasiri wengi wanaifungamanisha na safari ya Tabuk ya mwaka 630 dhidi ya Warumi, na mwisho wa mapigano ndani yake ni kutolewa jizia, yaani kodi ya wasio Waislamu walio chini ya dola ya Kiislamu, si kuuawa wala kulazimishwa kusilimu. Na dada yetu amenisahihisha kwa haki.

MuuzaVitambaa
Nawashukuru. Leo mchana, wateja walipopungua, tuliusoma mwanzo wa sura pamoja juu ya meza ya kukatia vitambaa, na hitilafu za wanazuoni nilimweleza bila kuzipunguza. Akaweka kidole kwenye aya ya 6, ambapo mshirikina akiomba hifadhi hupewa ili asikie neno la Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Akaniuliza: "Kumbe hata asiposilimu anasindikizwa?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa, naye akaniomba aazime msahafu wa babu hadi Jumatatu.