Mnalalamika kila siku faili halifunguki sawa, nani kati yenu kasharipoti?

Asalaam alaykum jamani. Nshachoka na leo nasema.

Wiki nzima niko hapa Chake napigana na data ya wakulima wa mwani wa Micheweni. Kinamama wamekaa juani saa nzima wakatujibu, halafu mtu wa ofisini Unguja, hata hakuulizwa, kachukua faili la SPSS, ile programu ya takwimu, kaligeuza CSV, faili la maandishi matupu, eti liwe jepesi. Jepesi kweli, nusu ya mambo yamebaki njiani! Kwenye sav, yaani faili lenyewe la SPSS, 99 ilishatangazwa kuwa ni "hakujibu", CSV haibebi tangazo hilo inabeba 99 tu, nami nikaingiza kwenye R, programu ya takwimu ya bure, nikatafuta wastani wa watoto kwa kaya nikapata 14. Kumi na nne! Msimamizi kaniuliza hawa mwani wanalima saa ngapi.

Haya, nikasema nipeni sav yenyewe. Kuifungua, tarehe za mahojiano zote ni namba za tarakimu 11, bilioni 13 na kitu. Grupu la WhatsApp likawaka, "R mbovu", "ndo vitu vya bure hivyo". Yakhe, si ubovu. SPSS inahesabu sekunde tokea tarehe 14 Oktoba 1582, R inahesabu siku tokea 1 Januari 1970, na read.spss, amri ya kusomea sav kwenye pakeji (nyongeza ya R) iitwayo foreign, inakupa sekunde zako kama zilivyo. Gawa kwa 86400, iambie ianzie tarehe ile ya 1582, basi. Au tumia pakeji ya haven ikugeuzie. (Na nyie wa Stata, programu nyengine ya takwimu, msicheke, huko kwenu asiyejibu anahesabiwa mkubwa kuliko namba zote, ukitafuta wenye umri zaidi ya 60 unawazoa na hao.)

Lakini kilichonipandisha hamaki si hicho. Safari hii kulikuwa na bagi la kweli, yaani kosa ndani ya programu: pakeji nyengine, siitaji, ikiangusha lebo za shehia zote, yale majina yanayokwenda na namba zake. Nauliza grupuni, kumbe watu wanne wanalijua tokea mwaka jana! Mwaka mzima mnaandika lebo kwa mkono na kunung'unika barazani, hakuna hata mmoja aliyemwandikia mwenye pakeji. Atajuaje, anapiga ramli?

Mie nikaandika kwenye ukurasa wa ripoti wa pakeji yake. Siku ya pili kajibu, kwa adabu, anataka toleo la R, toleo la pakeji na faili dogo linaloonesha tatizo. Mmoja wenu kanambia "mtumie lote tu". Lote?? Lina majina na namba za simu za wenyewe, na ukurasa ule unasomwa na dunia nzima! Nikatunga mistari mitano ya uongo, na hapo hapo nikaona lebo zinaanguka pale tu kodi (code) ya shehia ikiwa maandishi, ikiwa namba zinakaa. Nusu saa, wallahi.

Sasa kama na wewe limekupata, kaandike chini ya ripoti ile ile, weka na toleo lako, usifungue nyengine na usipeleke picha ya skrini uliyoipiga kwa simu upande upande.

Na wewe wa CSV unajijua. Mahojiano ya Wete bado sijaletewa. Nataka sav. Ukinitumia CSV tena napanda boti nakuja mwenyewe.