Tupeane uzoefu: Umelipia chumba chenye roshani melini, unafika hakuna hata kiti

MamaIliki (mleta mada)
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nimerudi Jumapili, mpaka leo nikisimama jikoni naona sakafu inacheza. Tulipanda meli ya kitalii kutokea Galveston, Texas, siku saba, Roatán (Honduras), Cozumel (Meksiko) na kurudi. Ilikuwa miaka kumi ya ndoa. Mume wangu akasema safari hii hatukai tena kile chumba cha ndani kisicho na dirisha, tuongeze hela tupate roshani, asubuhi tunywe chai tukitazama bahari, mtoto akiwa bado amelala. Nilibeba majani ya chai na iliki kutoka nyumbani Houston. Hata tangawizi nilisaga.

Tunafungua mlango wa kioo: patupu. Hakuna kiti, hakuna meza. Sakafuni kuna alama nne za duara pale miguu ya meza ilipokuwa. Mapokezi wakaniambia ni mambo ya usalama. Kesho yake dada mwingine akasema vimekwenda matengenezo. Siku ya tatu kijana mwingine akasema ni upepo. Sasa majirani zetu wa kushoto nikichungulia pembeni ya kile kitenganishi nawaona wamekaa, wana viti viwili na kimeza, wanakula zabibu. Upepo gani huo unaochagua chumba?

Chai niliinywa nimekaa juu ya begi. Kampuni siitaji. Yaliyomkuta na mwingine ayaseme, na mliofanya kazi melini mtuambie ukweli.

Kipara wa Ngarenaro
Sisi tulipewa kiti kimoja na tuko wawili. Tulikaa kwa zamu kama lindo.

Bint Mkunazini
Pole dada'angu. Mie naishi Muscat, nilipanda zile za msimu wa baridi zinazotokea Dubai, ukapita Khasab na hapa kwetu. Viti tulikuwa navyo, tena vizuri, lakini vumbi la jangwani wallahi! Nikiinuka buibui langu jeusi limekuwa la muuza unga. Kila asubuhi mhudumu anafuta, kila jioni limerudi. Ningekuwa na hiari ningewaambia waviondoe.

Dereva_wa_Mwendokasi
Mnalalamikia viti? Njooni mpande boti ya Pemba siku ya kusi mgawane mifuko ya kutapikia. 😂😂

Bint Mkunazini
@Dereva hiyo safari usiifanyie mzaha. Septemba 2011 Spice Islander ilizama kule Nungwi ikielekea Pemba, kwetu mtaani tuliswalia watu bila miili. Cheka na mengine.

Dereva_wa_Mwendokasi
Samahani dada. Sikuwa na nia hiyo.

Kipara wa Ngarenaro
Turudi kwenye viti.

Baharia Mstaafu Likoni
Nimesoma mara mbili nikaona niandike. Miaka sita nimetandika vitanda kwenye hizo meli, mkataba wa miezi minane, nyumbani miwili, narudi. Mama Iliki, majibu matatu uliyopewa yote huwa ya kweli, ila si siku moja. Upepo ukitabiriwa mkali, amri inashuka kwetu saa kumi jioni: ingia kila chumba, laza viti chini, funga kwa kamba, meza iingie ndani. Matengenezo nayo yapo, chumvi inakula chuma, kwa hiyo roshani zinapigwa rangi kwa mistari meli ikiwa safarini, viti vinarundikwa mahali. Ya nne hawatakwambia mapokezini: kiti cha chumba kikubwa cha juu kimevunjika, mwenye chumba kafoka, msimamizi anatuambia toa kule chini peleka juu. Jirani yako ana viti kwa sababu hakuchaguliwa yeye.

Lakini kilichonifanya niandike ni kiti kimoja.

Tulikuwa tumetoka Nassau tunarudi Florida. Saa nane usiku. Sisi tunalala chini kabisa, maji yanagonga ukuta kando ya sikio. Nikasikia kwenye spika: Oscar, Oscar, Oscar, upande wa kushoto. Waliofanya kazi meli nyingi wanajua neno hilo: mtu kaanguka majini. Miguu ilifika sakafuni kabla sijaamka. Kumbe mama mmoja wa deki ya saba alikuwa nje hana usingizi, akaona mtu mwenye nguo nyeupe anapita mbele yake kwenda chini, mikono kaitandaza. Alisema jambo lililomtisha ni kwamba alipita kimya.

Meli haisimami kama matatu pale Buxton. Unaihisi inalala ubavu, vikombe vinateleza, inazungushwa ule mzunguko wa Williamson ili irudi juu ya njia yake ileile. Maboya ya taa yalishatupwa. Boti ya uokoaji ikashushwa, taa kubwa zinafagia maji. Na sisi wa vyumba tukapewa karatasi: gonga kila mlango, hesabu kila kichwa. Abiria zaidi ya elfu mbili, nusu yao wamelewa, na wengine wamelala vyumba visivyo vyao (kuna ndoa zilikwisha usiku ule, hiyo mada nyingine).

Mimi nilikuwa na vyumba kumi na vinane. Kumi na vitatu vikatimia. Cha kumi na nne nikagonga, kimya. Nikafungua kwa kadi yangu. Kitanda nilichokitandika jioni hakijaguswa, taulo nililolikunja umbo la tembo limekaa palepale, mlango wa roshani wazi na pazia linapepea nje. Walikuwa vijana wawili, wachumba, mchana ule walinipa chokoleti. Nilishika fremu ya mlango nikashindwa kwenda kuchungulia chini. Niliwaza mamake yule binti nitamwambia nini, kana kwamba ni mimi nitakayemwambia. Walipatikana dakika arobaini baadaye juu kwenye viti vya bwawa, wamejifunika taulo gubigubi, hawajasikia hata tangazo moja.

Hesabu ikatimia. Ikarudiwa, ikatimia tena. Sasa nani kaanguka? Hakuna aliyelala. Saa mbili asubuhi mzee mmoja wa deki ya tisa anapiga simu mapokezi, mkali kama pilipili: roshani yangu ilikuwa na viti viwili, nimeamka kipo kimoja, nani ameingia chumbani kwangu usiku?

Mzee alifua shati lake la kulalia, lile refu jeupe la kizamani, akalivisha mgongo wa kiti na mikono yake akaibana huku na huku likauke. Akakipandisha kiti juu ya meza kipate upepo. Kilipata. Shati lilijaa kama tanga la ngalawa, likaondoka na kiti chake.

Chai_Rangi
Hii chai imekolea tangawizi kuliko ya mleta mada. Kiti kinavaa shati? 😂

Baharia Mstaafu Likoni
Kijana, maji ya bahari niliyoyameza mimi ni mengi kuliko soda ulizokunywa wewe. Vile viti ni bomba za alumini na kitambaa cha wavu, unakiinua kwa vidole viwili. Hujui uliza.

Mtoto wa Virunga
Miye namuamini mzee. Niko Kanada, tulipanda ya Alaska kutoka Vancouver, tukafika Juneau na Skagway. Usiku kiti cha jirani kilikuwa kinatembea peke yake, krrr, krrr, mke wangu anasema ni wachawi. Asubuhi tukakikuta kwenye kona ingine.

Chai_Rangi
Sawa, mzee nimekubali nusu. Shati bado nalifikiria.

Fundi wa Kigamboni
Kuna kitu hamjakigusa: moto. Machi 23, 2006, meli ya Star Princess ilikuwa inatoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaika. Usiku wa manane moto ukaanzia roshani, na wachunguzi wa Uingereza waliona kinachoelekea zaidi kuwa chanzo ni kipisi cha sigara. Vitenganishi vya roshani vilikuwa polikaboneti (plastiki ngumu), viti plastiki, vigae vya sakafu navyo vya kuungua. Huko nje hakukuwa na vinyunyizio vya maji, kwa hiyo ulipanda deki kwa deki kama mtu anayepanda ngazi. Vyumba 79 vikawa havifai kabisa, 218 vingine vikaharibika kwa moto, moshi au maji, na abiria mmoja akafa kwa moshi. Tangu Julai 2008 kanuni za SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, zinataka samani za roshani ziwe za aina isiyoshika moto ovyo, la sivyo roshani yenyewe iwe na vigunduzi na vinyunyizio. Ndiyo maana kiti kikivunjika hawakimbilii dukani kununua chochote kinachofanana nacho. Unaweza kukaa safari nzima unasubiri kiti halali.

Kipara wa Ngarenaro
Kwa hiyo kiti chetu cha pili kilikuwa kinasubiri cheti.

Mama Watatu
Mimi nitaonekana mtu wa ajabu, lakini niliomba mwenyewe waviondoe viti. Meli zinazopakia Marekani, kwa sheria yao ya 2010, ukingo unatakiwa usipungue inchi 42, kama sentimita 107. Mwanangu wa pili akisimama sakafuni haoni hata bahari vizuri. Mpe kiti cha sentimita 45 asimame juu yake, ukingo umebaki sentimita 62, yaani uko tumboni kwake. Na mtoto ndiyo kazi yake kusukuma kiti aone. Siku ya kwanza nilitoka kuoga nikamkuta ameshakiburuta mpaka ukingoni, goti moja juu, ananiuliza samaki wako wapi. Sikupiga kelele, nilienda kwa vidole nikamkamata kwenye kaptula. Nikakaa chini nikatetemeka nusu saa. Halafu nikampigia mhudumu: ondoa vyote. Mwaka 2019 pale San Juan, mtoto wa miezi 18 alianguka kutoka dirisha lililokuwa wazi deki ya 11, babu yake akiwa amemshika. Tangu nisome habari ile silali vizuri penye urefu.

Dereva_wa_Mwendokasi
Si ufunge mlango tu dada? Unanyima wengine viti kwa sababu ya mtoto wako.

Mama Watatu
Nilinyima nani? Ilikuwa roshani yangu nimeilipia. Wewe una watoto?

Dereva_wa_Mwendokasi
Ninao wawili.

Mama Watatu
Basi mwulize mama yao.

Bint Mkunazini
😂😂 Hapo umepatikana.

Fundi wa Kigamboni
Ushauri wa bure: siku ya kwanza piga picha chumba kizima, na roshani, kabla hujafungua begi. Ukilalamika una ushahidi.

Kipara wa Ngarenaro
Picha haikaliwi. Mpe mhudumu dola ishirini, viti vinatokea.

Baharia Mstaafu Likoni
Usimwambie hivyo. Ukimpa ishirini atakitoa chumba kingine, halafu mwenye chumba kile naye aje kufungua uzi hapa. Nenda mapokezi, waandike, wakupe namba ya lalamiko. Na jambo moja la vidole: msifungue mlango wa roshani na wa korido kwa wakati mmoja. Upepo unapita kati, mlango mzito unajifunga kama panga. Nimeona kidole.

Mtoto wa Virunga
Chukueni chumba cha ndani. Bei nusu, hakuna kiti cha kupotea.

Chai_Rangi
Beba mkeka.

MamaIliki (mleta mada)
Asanteni sana, mmenichekesha na mmenitisha. Mzee wa Likoni shikamoo, lile taulo la tembo limenikaa moyoni. Wale wa mapokezi mwishowe walituwekea dola hamsini za kutumia humohumo melini, nikanunua kofia.

Ila kuna kitu. Wakati nasoma ya Mama Watatu mume wangu alikuwa nyuma yangu anasoma begani. Mtoto wetu ana miaka mitatu, na tulikuwa naye. Nikamuuliza, wakati unaweka nafasi, ile fomu ya maombi maalumu ulijaza chochote? Amekaa kimya. Sasa hivi anasema anakwenda kutoa takataka, na pipa lilitolewa jana. Ngoja nirudi.

Kipara wa Ngarenaro
Nimevuta kiti nasubiri. Mimi ninacho kimoja.