Kamera ya bei nafuu kwa picha za samaki wa akwariamu nyumbani: tupeane uzoefu

Mfugafuru, Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la lita 240 sebuleni, ndani ni furu watupu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kati yao kuna madume matatu ya Pundamilia nyererei. Kwa wasiomfahamu, huyu ni samaki wa Ziwa Victoria, wa hapa hapa kwetu. Wataalamu walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, na hilo la Pundamilia likaja baadaye kwa ajili ya mistari yake ya ubavuni. Dume akikutana na mwenzake mgongo unawaka mwekundu kama kaa la moto na ubavu unakuwa njano. Akishindwa, dakika chache tu rangi yote imefifia.

Simu yangu imeniangusha. Picha zinatoka na mistari myeusi imekata katikati, wekundu unageuka kuwa rangi ya chungwa, na samaki mwenyewe ni kivuli kinachopita. Marehemu mzee wangu alikuwa mvuvi. Alikuwa akitusimulia kwamba kabla sangara hawajalitawala ziwa, furu walijaa kwenye nyavu mpaka kina mama wanawaanika juani kwa matenga. Wanangu wanawajua furu kwa jina tu. Nataka niwatengenezee albamu ya samaki hawa wakiwa kwenye rangi zao.

Bajeti yangu ni laki tano, na mtumba sina shida nao. Aliyewahi kununua atuambie alinunua nini na kilimkuta nini.

Mdau wa Tabata

Mkuu, nisikilize kwa makini maana mimi nililipa ada. Nilinunua Nikon D3200 iliyotumika kwa laki nne na nusu, pamoja na lenzi yake ya 18-55mm, ile ya kuvuta karibu na kurudisha mbali. Kamera safi kabisa, megapikseli 24. Kila niliyemuuliza akaniambia kwa samaki tafuta lenzi ya 50mm f/1.8, inaingiza mwanga mwingi. Nikaipata moja kwa bei ya chini sana, muuzaji akaniapia ni ya Nikon, na kweli ilikuwa ya Nikon. Kufika nyumbani naifunga, nabonyeza, kimya. Fokasi, yaani kule kulenga ili picha iwe kali, haiendi. Nikadhani nimeuziwa mbovu.

Kumbe ilikuwa ile ya zamani yenye herufi D, na lenzi hizo zinategemea motor iliyo ndani ya kamera. Nikon za D3000 na kitu na D5000 na kitu hazina motor hiyo. Zinataka lenzi iliyoandikwa AF-S, au AF-P kwa zile kamera zinazozikubali. Nikawa nazungusha kwa mkono, na guppy, wale samaki wangu wadogo, hawakusubiri. Ukichukua Canon EOS hili halikupati, motor inakaa kwenye lenzi yenyewe.

Jambo la pili nililijua nikiwa nimeshatoa hela. Ile 50mm yangu haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 45. Lenzi ya 18-55 niliyoidharau inasogea mpaka sentimita 28. Kwa samaki wa sentimita nne hiyo ni tofauti ya samaki kujaa kwenye picha au kuwa nukta. Nikarudi kwenye 18-55, nikaivuta mpaka 55, nikaongeza taa nyingine juu ya tangi, na picha nilizobandika ukutani zote zimetoka hapo. Ningeanza upya leo, hela ya lenzi ya pili ningenunulia taa.

Bintibahari, Mombasa

Habari zenu. Mimi nafuga goldfish na nimeshika Canon 600D ya mkono wa pili kwa miaka kadhaa. Naongeza neno kwa wote walio pwani: kabla ya kulipa, toa lenzi kwenye kamera, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Lenzi yangu ya kwanza sikuikagua. Kwa macho ilikuwa inang'aa, lakini picha zote zilikuwa na weupeweupe kama zimepigwa kwenye mvuke. Fundi alipomulika tukaona nyuzi nyembamba zimetandaa ndani kama utando wa buibui. Ni kuvu. Alisema kusafisha kutagharimu karibu sawa na lenzi nyingine.

Unyevu wetu huu hauna huruma na kioo. Sasa naweka kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ndani nimetupia vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Na usiiweke kwenye kabati lililo chini ya tangi, huko ndiko kuna unyevu kuliko kwingine kote.

Kijana wa Dodoma

Mkuu Mfugafuru, ile mistari myeusi inatokana na taa. Umeme wetu unafanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini simu inaona. Kama simu yako ina hali ya Pro, ile ya kujipangia mwenyewe, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/100 ya sekunde. Na kama taa ina kitufe cha kupunguza mwanga, usiupunguze, acha iwake kwa mwanga wake wote. Kwangu mistari iliisha palepale, na bado natumia simu mpaka leo.

Mzee wa Tropheus, Kigoma

Vijana wamesema vizuri. Mimi nasisitiza kioo, kwa sababu watu wananunua kamera kisha wanapiga picha za uchafu. Badilisha maji usiku wa kuamkia siku ya picha. Sugua kioo ndani, futa nje kwa kitambaa kikavu, halafu zima filta kama dakika kumi ili chembe zitulie. Zima taa za sebuleni, funga pazia, ibaki taa ya tangi peke yake. Nyuma yako ning'iniza kitambaa cheusi, la sivyo utajiona wewe mwenyewe kwenye picha. Na lenzi itazame kioo moja kwa moja. Ukiipiga kwa pembeni, maji na kioo vinaupinda mwanga na samaki anatoka amevutika.

Flashi iliyo juu ya kamera usiiguse, itapiga kioo na kukurudia. Mimi nina Yongnuo YN560 niliyoilaza kwenye mfuniko wa kioo wa tangi, inamulika chini, na kamera inaiwasha kwa rimoti. Hapo naweka shata 1/200, f/8 (tundu la lenzi liwe dogo), ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga uwe mdogo), na kila gamba la Tropheus, samaki wangu wa Ziwa Tanganyika, linasomeka.

Mfugafuru

Shikamoo mzee. Flashi haiwashtui?

Mzee wa Tropheus, Kigoma

Marahaba. Wangu siku ya kwanza walikimbilia mawe. Siku ya tatu walikuwa wanakula wakati inawaka. Ila hakikisha mfuniko ni mkavu na flashi haiwezi kuteleza, ndani ya flashi kuna umeme mkali. Na kama hela haitoshi, anza bila flashi: ISO 1600, shata 1/160, taa mbili.

Mfugafuru

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimechukua Canon EOS 1100D na lenzi yake ya 18-55, laki tatu na ishirini. Ni ya megapikseli 12 tu, lakini lenzi niliimulika kama dada wa Mombasa alivyoelekeza na ilikuwa safi. Hela iliyobaki nimenunua taa ya pili.

Jana usiku binti yangu alishika kitenge cheusi nyuma yangu, mdogo wake akawa anazima na kuwasha filta. Nilijifunza kwamba fokasi ya kwenye skrini ni nzito, nikahamia kwenye kijitundu cha kutazamia na nukta ya katikati. Nikaielekeza kwenye jiwe ambalo dume mkubwa analilinda, nikasubiri. Picha 140, nzuri ni sita.

Katika moja ya hizo sita amegeuka ubavu mzima, mapezi yamefunguka. Tulipoikuza, binti akaona kwenye pezi la chini, karibu na mkia, madoa mawili ya njano ya mviringo, yamezungushiwa ukingo mwepesi kama mayai. Samaki huyu nimekaa naye miaka miwili na sikuwahi kuyaona kwa utulivu namna ile. Jumamosi tunampiga dume wa pili, maji nabadilisha Ijumaa usiku. Binti anasema naye ahesabiwe madoa yake.